Kupigiwa Sakafu

Chuoni kwetu profesa mpya hapigiwi makofi. Anapigiwa sakafu. Siku ya mhadhara wake wa kwanza anaingia kwa mlango mkubwa wa Ukumbi Mkuu, amevaa joho, watu wote wameshakaa. Anatembea katikati ya viti kuelekea mimbarini, na muda wote huo walioketi juu kwenye roshani wanapiga sakafu kwa visigino, dum, dum, dum, hawaachi mpaka aishike mimbari kwa mikono miwili. Akishaishika, ndipo anakuwa profesa. Barua ya uteuzi unaweza kukaa nayo mfukoni mwaka mzima; kama hujashika mimbari ya Ukumbi Mkuu, wewe bado ni daktari kama madaktari wengine. Aliyeanzisha utaratibu huu hakuna anayemkumbuka, ila umo kwenye kanuni za chuo na hakuna aliyewahi kuuruka.

Mimi nimesikia wanaume wengi wakipigiwa sakafu, na karibu wote nimewasikia nikiwa stoo. Stoo ya viti na vyombo iko kwenye kona moja chini ya roshani, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mwenyekiti wa kudumu. Naomba nieleweke vizuri hapa: mimi ni mhandisi wa majengo. Nina shahada tatu, na ya tatu niliipata kwa kuchunguza jinsi zege linavyochoka. Lakini katika idara yetu mwanamke nilikuwa peke yangu, na kila chai ilipohitaji mtu wa kuisimamia, wenzangu waligeuza shingo zote upande mmoja. “Mama ana mkono wa wageni,” walisema. Kwenye vikao nilikuwa pia mwandishi, eti kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Ukiwa unaandika waliyosema wengine, nafasi ya kusema yako huipati, na sidhani kama hilo lilikuwa bahati mbaya.

Jina langu la utani lilikuwa Mama Nyufa. Lilianzia kwa wahadhiri, likashuka kwa wanafunzi, likafika mpaka kwa walinzi wa geti. “Mama Nyufa akikukazia macho,” walitaniana, “ujue anatafuta pa kupimia.” Nilikuwa nacheka nao. Mwanamke asiyecheka anaambiwa ana gubu, na faili la mwenye gubu halipandi mezani.

Langu lilipanda likateremka mara nyingi kuliko lifti ya maktaba. Mara machapisho hayatoshi, mara nirudi mwakani. Kuna kikao kimoja profesa mzee aliuliza kama mtu mwenye watoto watatu ataweza kweli kubeba majukumu ya uprofesa. Yeye mwenyewe alikuwa nao sita. Swali lake nililiandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Siku niliyouona ufa, aliyekuwa anapigiwa sakafu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga hesabu ya boriti, na aliposhindwa mtihani wa mwaka wa pili alikuja kulia ofisini kwangu, karibu na mashine ya fotokopi, maana ofisini kwangu ndiko ilikokaa mashine hiyo. Sasa alikuwa anaingia na joho, na mimi nilikuwa stoo napanga vikombe kwenye sinia. Visigino vikaanza juu ya kichwa changu. Unga mweupe ukashuka kutoka darini, ukatua kwenye chai ya makamu mkuu wa chuo.

Nikainua macho. Pale boriti ya roshani inapoingia ukutani palikuwa na ufa. Haukuwa ufa wa lipu. Ufa wa lipu naujua, unatangatanga kama mtu asiye na safari. Huu ulikuwa na safari. Ulianzia kwenye kona ya boriti, ukapanda kwa mshazari, na kila visigino vilipotua niliuona ukifunguka kidogo na kujifunga. Halafu nikaimwaga ile chai, nikamimina nyingine, nikatoka nayo nikitabasamu, kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri.

Kesho yake nilirudi na ngazi, plasta, na kipande cha kioo chembamba. Ni njia ya kizamani na haijawahi kunidanganya. Unabandika kioo kukatisha ufa, ncha moja upande huu, nyingine upande ule. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukitulia, kitabaki kizima mpaka ukisahau. Ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika. Wiki hiyo wanafunzi walikuwa na mdahalo wao ukumbini, wakajaa roshani nzima, wakashangilia wanavyojua wao. Nilipofungua stoo baada ya wao kutoka, kioo kilikuwa kimekatika katikati, safi, bila chenga hata moja.

Nikaenda kwenye kikao cha kitivo na safari hii sikushika kalamu kwanza. Nilinyoosha mkono.

Mkuu wa kitivo hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wangependa niwaambie alikuwa shetani. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wangu wote, na hakuna mlango aliowahi kupita kabla yangu. Ila nikizungumza alikuwa na tabia ya kunitazama kwa upole, kama mtu aliyejikinga kibarazani akingoja mvua ikatike.

“Mkuu,” nikasema, “roshani ya Ukumbi Mkuu inaachana na ukuta. Naomba ifungwe leo.”

“Leo leo?”

“Leo.”

“Mama, pole na kazi. Lile jengo lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na vyote viwili vina nyufa.” Kikao kizima kikaangua kicheko. “Bado vimesimama, lakini.”

“Nimeweka kioo, kimekatika. Boriti inacheza ndani ya ukuta. Watu wakijaa juu halafu wapige miguu kwa pamoja, sijui itastahimili mara ngapi.”

“Tumekusikia, mama. Ajenda inayofuata.”

Hapo Daktari Suti akakohoa. Huyu alikuwa jirani yangu kwa cheo, faili lake likifuata langu mguu kwa mguu, na jina lake alilipata kwa sababu hata kwenye eneo la ujenzi alikuja na suti na viatu vya kung’aa. “Mkuu,” akasema kwa ile sauti yake nzito, “kwa tahadhari tu, mimi ningependekeza tuunde kamati ndogo, ikaiangalie ile roshani.”

“Naam! Hilo ni wazo,” akasema Mkuu. “Asante sana, Daktari. Mama, liandike hilo.”

Nikaandika kwamba Daktari Suti alipendekeza. Kisha nikaomba niwemo kwenye kamati.

“Ah, mama,” Mkuu akasema, “wewe ndiye mwenye malalamiko. Huwezi kuwa mlalamikaji na hakimu.”

“Si malalamiko, Mkuu. Ni vipimo.”

“Ndiyo hayohayo.”

Kamati ikawa ya wanaume watatu, Daktari Suti mwenyekiti. Mmoja wao aliniomba ufunguo wa stoo na kuniuliza, bila kutania, kama kutakuwa na chochote cha kunywa huko.

Siku chache baadaye Mkuu aliniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Akafunga mlango, akazunguka meza, akanishika mikono yote miwili.

“Imepita,” akasema. “Faili lako limepita. Mwanamke wa kwanza tangu kitivo hiki kianze!”

Nililia. Sikuona haya, nililia mbele yake mpaka akanipa leso yake. Nilifikiria zile ajenda, zile chai, yule mzee na watoto wake sita. Nilikuwa naitaka ile dum, dum, dum kama mtoto anavyokitaka kitu alichokiona mkononi mwa mwenzake. Kwa muda, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha wageni, ufa haukuwa kichwani mwangu kabisa. Halafu ukarudi, na machozi yakakauka yenyewe.

“Mhadhara utakuwa mwisho wa mwezi,” Mkuu akaendelea. “Makamu mkuu anakuja, waandishi wa habari wanakuja. Ukumbi umefungwa tangu juzi, unapakwa rangi kwa ajili yako.”

“Na kamati imesemaje?”

“Kamati imemaliza kazi. Hakuna tatizo. Kamwone Daktari Suti akuonyeshe.”

Nilimkuta stoo, akijipangusa vumbi begani kwa ncha za vidole. Kuta zilikuwa nyeupe pe. Ufa ulikuwa umezibwa kwa plasta na kupakwa rangi, huwezi kujua kama uliwahi kuwepo. Juu yake kulikuwa na kipande cha kioo kipya, kirefu kuliko changu, kimefutwa kinametameta.

“Kioo changu kiko wapi?” nikauliza.

“Kile kilikuwa kimepasuka, mama. Nadhani viti vilikigonga. Wageni wataingia humu kuchukua vinywaji, isingependeza. Nikakitoa, nikabandika kipya.” Akakionyesha kwa mkono, kama fundi anayeonyesha kazi aliyoimaliza. “Na tazama. Tangu siku hiyo, hata mkwaruzo. Ukuta umetulia.”

“Tangu siku hiyo ukumbi umefungwa. Nani amekaa huko juu?”

Akarudia kujipangusa bega.

“Daktari,” nikasema kwa hasira, “kukatika kwa kile kioo ndiko kulikokuwa taarifa yenyewe. Wewe umeitupa kwenye taka kwa sababu haipendezi. Hiki ulichoweka kimekaa chini ya roshani tupu. Kinakuambia nini? Hakikuambii kitu!”

“Mama, mama.” Akashusha sauti. “Usiyachukulie mambo haya kibinafsi. Siku yako kubwa inakuja, kwa nini unajitafutia nuksi? Watu watasema nini? Kwamba umepewa uprofesa halafu unaogopa ukumbi?” Akanyoosha tai yake. “Ila kama unaona huwezi kuhutubia humu, sema mapema. Faili langu lipo tayari, na nafasi ni moja.”

Nyumbani mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya sherehe. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na joho nililopewa chuoni lilimchefua.

“Wamekupa hema hili?” akauliza, akiwa amepiga magoti miguuni pangu na pini mdomoni. “Humu mnaingia wawili.”

“Ndiyo saizi zao, mama. Hawajawahi kumpima mwanamke.”

“Simama wima. Nalipunguza chini, usije ukajikwaa mbele za watu.”

Mume wangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, madaftari ya wanafunzi wake mapajani. Ni mwalimu wa sekondari na ana subira ya mwalimu. “Omba ukahutubie mahali pengine,” akasema.

“Nimeomba. Kanuni inasema Ukumbi Mkuu.”

“Basi waambie huendi.”

“Halafu nafasi aichukue Suti? Na ukumbi ule ule ujae watu wale wale, ila wakimpigia yeye?” Akarudisha macho kwenye madaftari, na mimi nikajisikia vibaya kwa kumfokea. “Baba Watoto, nikikataa sifungi ile roshani. Najifungia mimi tu.”

Mama akatoa pini mdomoni. “Mimi nakaa mstari wa mbele,” akasema. “Gauni nimeshajishonea. Ukuta uanguke, usianguke, mwanangu hapigiwi sakafu mimi nikiwa jikoni.”

Tulicheka wote watatu. Usiku ule usingizi haukunijia.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla hajafika. Nilimpa sharti langu tukiwa bado tumesimama: roshani ifungwe kwa kufuli, na viti vyote vya chini yake viondolewe. Yakifanyika hayo, nitahutubia.

“Bila roshani nani atakupigia sakafu?”

“Hakuna.”

Aliumia kweli, niliona usoni mwake. “Lakini mama, kila mtu amepigiwa. Itaonekanaje?”

“Itaonekana hivyohivyo. Nikifika mimbarini nitapiga kisigino changu mwenyewe.”

Akacheka, akatikisa kichwa, akaweka mkono kifuani. “Haya. Wewe ni mgumu. Roshani itafungwa, nakuahidi.”

“Ufunguo nibaki nao mimi.”

“Hapo sasa kanuni. Ufunguo wa roshani hukaa kwa mkuu wa kitivo. Wako ni ule wa stoo.”

Jioni hiyohiyo walikuja ofisini kwangu wasichana wa mwaka wa kwanza, wachache kati ya wale walioingia uhandisi mwaka ule. Idadi yao ilikuwa imeongezeka, nilikuwa najivunia. Aliyetangulia alikuwa binti mrefu, wenzake walimwita Rula kwa sababu alitembea na rula ya chuma popote aendapo.

“Madamu,” akasema, “ni kweli roshani itafungwa? Sisi tumeshafanya mazoezi ya kupiga.”

“Ni kweli. Ni mbovu. Mtakaa chini, mtanipigia makofi.”

“Lakini taarifa ya kamati imebandikwa ubaoni. Imesema ni nzima.”

“Kamati imekosea.”

Wakatazamana. Nikajua wanachofikiria: maprofesa wawili na daktari mmoja, na muhuri wa kitivo, dhidi ya Mama Nyufa. Nilikuwa nimewafundisha kusoma michoro, lakini mambo mengine walikuwa wamejifunza wenyewe kwa kutazama jinsi tunavyoishi.

“Madamu,” Rula akasema taratibu, “hao wengine wote wamepigiwa. Wewe peke yako ndiye upewe makofi?”

“Mimi peke yangu.”

“Si haki,” akasema, na midomo yake ikabana. Wakatoka bila kuaga vizuri, na mimi nilidhani wamenikasirikia.

Siku yenyewe nilifika mapema. Niliingia stoo, nikawasha taa, nikakitazama kioo cha Daktari Suti. Kizima. Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi, rangi bado inanuka. Nikapanda mpaka mlango wa roshani, nikalivuta kufuli kwa nguvu zangu zote. Limeshika. Chini yake viti vilikuwa vimeondolewa, sakafu imebaki wazi. Kifua changu kikafunguka kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Niliwaza, haya, sitapigiwa, lakini wote watarudi kwao, na mimbari nitaishika.

Chumba cha kuvalia majoho kiko jengo la utawala, ng’ambo ya uwanja. Nilikaa huko mpaka wakati ulipofika, nikisoma karatasi zangu bila kuona neno. Joho lilinikaa sawasawa. Mkuu alikuja kunichukua, naye amevaa lake, tukaanza kuvuka uwanja taratibu, kama utaratibu unavyotaka.

“Leo sitaki nione huzuni hata chembe usoni mwako,” akasema.

“Sina huzuni, Mkuu.”

“Vizuri. Maana kuna zawadi.” Alikuwa anajizuia kutabasamu. “Nimeapishwa nisiseme.”

Nilidhani ni saa ya ukutani. Wanawake wakipewa zawadi pale chuoni, ilikuwa saa ya ukutani au seti ya vikombe.

Tulipokaribia mlango mkubwa nilisikia mvumo wa watu. Nimefanya kazi ndani ya jengo lile miaka mingi, nimelisikia likiwa tupu na likiwa limejaa, na sikio langu liligoma kabla akili haijafika. Mvumo ulikuwa unatoka juu. Nikasimama.

“Mkuu. Umefungua roshani?”

“Wasichana wako walikuja kunililia,” akasema. “Wakaniuliza, haijawahi kutokea profesa asipigiwe sakafu, kwa nini aanze mwanamke? Kwa nini ninyi mmepigiwa, na yeye apewe makofi?” Macho yake yalikuwa yamelowa, na sikuona unafiki ndani yake. “Niliona aibu, nakwambia kweli. Nikasema mabinti hawa wana haki. Tumekunyima mengi, mama. Hili tusikunyime.”

“Washushe.”

“Ah, usiwe hivyo.”

“Mkuu, washushe sasa hivi! Nilikuambia ile boriti inacheza.”

“Na kamati ikaangalia, ikakuta iko salama. Makamu mkuu ameshakaa, mama. Mama yako ameshakaa.” Akanigusa bega, kwa upole uleule. “Ni wasiwasi tu. Sote tulikuwa nao siku hiyo.”

Akausukuma mlango.

Ukumbi wote ukageuka. Nilimwona mama mstari wa mbele, gauni lake la bluu, akiwa amejipinda kwenye kiti ili anione vizuri. Nilimwona Daktari Suti, amekunja nne. Halafu nikapiga hatua moja ndani, nikageuza kichwa na kuangalia juu, na roshani ilikuwa imejaa wasichana kutoka ukingo hadi ukingo, wamebanana, wengine wamesimama kwenye ngazi zake. Wa kwetu na wa vitivo vingine. Walikuwa wamekuja wote.

Wakaanza. Dum. Dum. Dum.

Nikainua mikono yote miwili kuwazuia. Wakadhani nawasalimu. Wakapiga kwa nguvu zaidi. Nikapiga kelele, “Shukeni! Shukeni chini!” na nikaona meno yao, wanacheka, wananipungia, hakuna anayenisikia. Nilikuwa nimeomba miaka yote hiyo nisikike ndani ya jengo lile, na sasa kelele zilizonizima zilikuwa za heshima yangu mwenyewe. Niliwachukia wale wanaume watatu kwa moyo wangu wote. Nilimchukia Mkuu na leso yake.

Unga mweupe ukashuka begani kwake. Akaupangusa bila kuutazama, akanionyesha njia kwa mkono. Mbele yangu, mwisho wa ile njia, mimbari ilikuwa imewashiwa taa.

Nilitazama ukutani. Kwenye rangi mpya ya upande huu wa ukumbi, juu ya mlango wa stoo, pale boriti inapoingia, kulikuwa na mstari mweusi. Haukuwepo asubuhi. Kila visigino vilipotua ulifunguka, na sasa haukuwa unajifunga tena wote.

Ngazi za roshani ziko mkono wa kushoto, karibu na mlango. Nikaipa mimbari mgongo na kuanza kuzipanda. Nilikimbia, na joho halikunikwaza, mama alikuwa amelipunguza vizuri.

“Profesa!” Mkuu akaniita kwa nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, na alikuwa anacheka, akidhani furaha imenichanganya. “Profesa! Mimbari iko huku!”

Nilihisi vidato vikitetemeka chini ya nyayo zangu. Wasichana waliokuwa ngazini walijibana ukutani kunipisha, wakinigusa joho kwa vidole. Nikawasukuma chini mmoja mmoja, wakacheka, wakashuka kidato kimoja, wakasimama. Juu kabisa, kwenye benchi la ukingoni, Rula aliniona. Akaacha kupiga. Uso wake wote ukang’aa, akasogea upande, akapapasa benchi kunionyesha nafasi ya kukaa kati yao.

Nikamshika mkono, nikamvuta kwa nguvu. Wengine wakaendelea kupiga.